Injini ya shaba imegoma: tafuta ugonjwa kabla ya kutafuta dawa

Shaba yenyewe, na hapa nasema shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, haizeeki kirahisi. Injini ya treni ya mfano iliyoundwa kwa mikono huko Japani miaka ya 1960 inaweza kufika Nakuru leo ikiwa na kila bomba, kila ngazi na kila ribiti mahali pake, halafu ukaiweka kwenye reli isisogee hata kidogo. Aliyeinunua hudhani amepunjwa. Mara nyingi hakupunjwa. Kinachouma ni vile vitu laini vilivyowekwa pamoja na shaba: grisi iliyoganda, mpira uliokauka, sponji iliyooza, plastiki iliyopasuka, sumaku iliyochoka. Karibu vyote hivyo husafishika au hubadilishika. Kisichorudi ni sura ya kiwandani iliyosuguliwa kwa limau na majivu na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, na kwa kila dalili nataja chanzo cha kukagua kwanza, ili mkono usitangulie jicho.

Nazungumzia hasa injini za kipimo cha HO, yaani 1:87, zinazotembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5 kwa umeme wa DC wa volti 12. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata karibu milimita 1,435, upana wa SGR, wala si upana wa mita moja wa reli ya zamani iliyofika Kisumu Desemba 1901. Nyingi ya injini hizi ni nakala za reli za Marekani. Kampuni kama Pacific Fast Mail na Westside Model Company ziliziagiza kutoka kwa mafundi wa Japani, na baadaye kazi ikahamia Korea Kusini, ambako jina la Samhongsa lilipata sifa. Kwa hiyo ukitafuta nakala ya Garratt ya daraja la 59, zile injini kubwa 34 za mvuke za kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza za 1955 na 1956 zilizobeba majina ya milima ya Afrika Mashariki, jua kwamba soko hili halikutengenezewa sisi. Wengi wetu tuliokulia karibu na reli hununua injini ya Marekani kwa sababu ya ustadi wake, na ustadi huo unastahili kulindwa.

Kabla ya dalili yoyote: umeme wako

Wauzaji wengi huambatanisha transfoma ya zamani na injini. Geuza transfoma hiyo usome maandishi ya chini. Iliyotoka Marekani ilitengenezewa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 240 itaungua, na kabla haijaungua inaweza kusukuma karibu maradufu ya volti zinazotakiwa kwenye reli. Mota iliyokaa miaka 50 bila tatizo huweza kufa dakika hiyo. Ukilazimika kuitumia, weka transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 120, na usiiache ikifanya kazi kwa saa nyingi, maana ilikusudiwa hezi 60 na kwetu ni 50, hivyo hupata joto zaidi.

Kwa majaribio mimi hupendelea betri ya sola ya volti 12. Haijali stima ikipotea, na umeme wake ni safi. Lakini betri ikikutana na shoti haina huruma: itayeyusha waya na kuchoma rangi ya injini kabla hujanyanyua mkono. Funga fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, kisha kidhibiti mwendo cha DC kutoka duka la vifaa vya umeme, ndipo reli. Ondoa betri kwenye paneli kwanza, kwa sababu ikiwa inachajiwa volti hupanda kupita 14.

Injini imenyamaza kabisa

Hapa inafaa kuelewa njia ya umeme, kwa sababu nakala ya shaba ya injini ya mvuke ina mpangilio wake. Injini huchukua umeme kutoka reli moja kupitia magurudumu ya upande mmoja; magurudumu ya upande wa pili yamezibwa yasipitishe. Tenda, lile behewa la makaa na maji linalofuata nyuma, huchukua kutoka reli ya pili, na umeme wake hufika kwenye mota kupitia upau unaounganisha tenda na injini. Mwili wa injini uko upande mmoja wa umeme, mwili wa tenda uko upande mwingine. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yote utayatatua kwa mita ya umeme tu.

Anza kwenye mota. Gusisha nyaya mbili za volti 6 moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo liko njiani. Rudi nyuma hatua kwa hatua: upau wa tenda na pini yake, kisha mahali ambapo mwili wa tenda unakalia fremu za magurudumu, kisha magurudumu yenyewe. Ikiwa injini ilipakwa rangi baada ya kutoka kiwandani, kagua pini ya upau kabla ya kitu kingine. Rangi hupenda kuingia hapo, na kwenye bapa la tenda linapogusana na fremu. Kwangua rangi sehemu hizo tu, kadiri ya kuona shaba, usiguse pengine. Springi ya pini nayo huchoka. Ikilegea, tenda hupitisha umeme ikisimama na kukata ikitembea.

Mota isipozunguka hata kwa nyaya za moja kwa moja, tazama kaboni zake. Kwenye mota ya fremu wazi, ambayo unaweza kuona koili zake kwa macho, kaboni husukumwa na springi nyembamba dhidi ya komyuteta, ile silinda ndogo ya shaba inayozunguka na kupokea umeme. Komyuteta ikiwa nyeusi, isafishe kwa pamba ya masikio iliyolowa spiriti ya isopropili, na utoe uchafu ulio kwenye mianya yake kwa kijiti cha meno. Msasa usitumie. Chembe zake hubaki kwenye mianya na kula kaboni.

Onyo moja kubwa: usichomoe sehemu inayozunguka kutoka ndani ya mota ya zamani kwa sababu tu unataka kuisafisha. Sumaku nyingi za wakati huo ni za alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na alniko hupoteza nguvu pale chuma kilichofunga njia ya usumaku kinapoondolewa. Utairudisha ikiwa safi na dhaifu. Safisha ikiwa ndani.

Kidhibiti kinakata umeme: shoti

Huu ndio ugonjwa wa kawaida zaidi wa injini za shaba, kwa sababu kila kitu ndani yake kinapitisha umeme. Usiendelee kubonyeza kidhibiti ukitumaini itapona. Tenganisha injini na tenda, uweke kila kimoja juu ya kioo, na upime kwa mita kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia.

Tenda ikionyesha njia kati ya pande zote mbili, kuna ekseli iliyorudishwa kinyume. Mtu alitoa magurudumu ayasafishe, akarudisha upande uliozibwa mahali pa upande usiozibwa. Pima ekseli moja moja, igeuze iliyokosea, na kazi imekwisha. Fremu nzima ya magurudumu ikigeuzwa nusu mzunguko hutoa dalili hiyo hiyo.

Injini ikiwa ndiyo yenye shoti, tazama breki za mapambo zilizokaribiana na magurudumu makubwa. Zimelehemiwa kwa umbali mdogo kuliko unene wa ukucha, na kisukumo kidogo safarini hutosha kuzigusisha. Zipinde polepole kwa koleo lenye mdomo wa plastiki. Kisha kagua springi za kaboni: kwa kawaida springi moja imevikwa kibomba chembamba cha kuzuia umeme. Kibomba hicho kikianguka au kikikauka, springi hugusa fremu na mota nzima huwa shoti. Kipande cha ganda la waya mwembamba kinatosha kuwa mbadala.

Vyote viwili vikiwa safi vikiwa peke yake, na shoti inakuja vikiunganishwa tu, basi miili inagusana. Tafuta kibao cha sakafu kinachotoka kwenye kibanda cha dereva kwenda tenda, minyororo ya mapambo, na mabomba ya maji. Ikiwa shoti inakuja kwenye kona peke yake, vigurudumu vya mbele vinagusa silinda au fremu vinapopinda. Zima taa za chumba, uipitishe injini polepole kwenye kona, utaiona cheche mahali penyewe. Paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi mahali hapo, kwenye fremu, acha ikauke, paka tena. Wakongwe wa kazi hii duniani kote hutumia njia hiyo, na rangi hiyo hutoka kwa asetoni siku ukitaka. Lakini jihadhari: asetoni hutoa pia vanishi ya kiwandani, kwa hiyo tumia ncha ya kijiti.

Mota inalia, magurudumu yametulia

Kijana mmoja wa Kisumu alinipigia simu akiwa na huzuni. "Mzee, injini imekufa." Nikamwuliza, "Imekufa ikinyamaza au ikilia?" Akasema, "Inalia, mzee, ila haitembei." Nikamwambia, "Basi haijafa, kijana wangu. Ifungue tumbo utazame mpira."

Kati ya mota na sanduku la gia kuna kipande cha mpira chenye tundu kinachounganisha shafti mbili. Mpira wa miaka ya 1960 huwa mgumu, hupasuka au huteleza. Badilisha kwa kibomba cha silikoni chenye kubana sawasawa. Maduka ya vifaa vya samaki wa mapambo na ya vifaa vya hospitali huwa nacho. Kikate kiwe kifupi, iachwe nafasi ndogo tu kati ya shafti. Kirefu kikizidi, hujipinda na kuyumbisha injini.

Mpira ukiwa mzima, tazama gia iliyo kwenye ekseli. Gia za plastiki zilizobanwa kwenye chuma hupasuka kwa miaka, ufa mwembamba kati ya meno mawili. Wakati mwingine gia huzunguka bure kwenye ekseli. Wakati mwingine bado inavuta lakini inatoa mlio wa tik kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Gundi haitaponya. Unaweza kuagiza gia mpya, na jina linalojulikana kwa miaka mingi kwa gia hizi ni NorthWest Short Line la Marekani. Kabla ya kuagiza, hesabu meno, pima kipenyo cha nje na kipenyo cha ekseli kwa kalipa, uandike vyote.

Inachechemea

Injini inayotembea kwa kusita, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, ina ugonjwa wa magurudumu au wa rodi, yale mapau yanayounganisha magurudumu makubwa. Ondoa mota au fungua sanduku la gia ili magurudumu yawe huru. Weka fremu juu ya kioo na uinue upande mmoja taratibu. Fremu yenye afya huteremka yenyewe. Ikikwama, ikwame wapi? Kila mara mahali pale pale pa mzunguko?

Magurudumu ya upande mmoja lazima yatangulie ya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90, na ekseli zote zikubaliane. Gurudumu likiteleza kidogo kwenye ekseli yake, rodi huanza kupigana. Fungua rodi zote, kisha rudisha jozi moja moja hadi upate ekseli inayokwamisha. Lakini kabla ya kuthubutu kuzungusha gurudumu kwenye ekseli, hakikisha rodi hazijapinda na matundu yake hayajajaa uchafu, kwa sababu kurekebisha nyuzi za gurudumu bila kifaa maalumu ni kazi ngumu na ni rahisi kuongeza kosa. Hapa sioni aibu kumpelekea fundi wa saa. Ana lenzi, ana bisibisi ndogo, na ana subira. Mwambie usichotaka: asisugue, asipake mafuta, asikaze skrubu hadi mwisho.

Ikichechemea ikirudi nyuma tu, au ikikwama kwenye mteremko, sanduku la gia linapanda na kushuka, au gia ya parafujo, ile yenye umbo la skrubu, inacheza mbele na nyuma kwenye shafti yake. Pete nyembamba (washa) za kuziba mchezo huo hutosha.

Inatembea lakini inapata moto

Pima ampea. Mota ya fremu wazi iliyo na afya hula karibu nusu ampea au pungufu injini ikitembea peke yake bila mabehewa. Ikikaribia ampea 1 bila mzigo, kuna kitu kinaizuia au sumaku imechoka.

Zuio la kwanza ni grisi. Grisi ya zamani hugeuka gundi ya rangi ya asali, na ukiwasha umeme bila kuisafisha unailazimisha mota kupasua gundi hiyo kwa nguvu. Fungua sanduku la gia, safisha kwa petroli ya kujazia vibiriti au kwa tarpentaini nyeupe, ukiwa mbali na jiko na koroboi, kausha, kisha weka grisi kidogo isiyokula plastiki. Kwenye beringi, oili ya cherehani inatosha, tone moja kwa ncha ya pini. Oili ikizidi hufika kwenye magurudumu na komyuteta, na hapo unaanza ugonjwa mwingine. Ile dawa ya kopo ya kunyunyizia nati zilizoshika kutu isikaribie injini hii: huosha oili nzuri, huacha utando unaonata, na Nakuru vumbi letu ni laini na la majivu ya volkeno; likinata kwenye gia huzitafuna. Kisumu, msimu wa wadudu wa ziwani, funika meza usiku, maana wakifia kwenye oili husafishika kwa tabu.

Ikiwa gia ni safi na fremu inateremka vizuri kwenye kioo lakini ampea bado ni nyingi na mota inakimbia sana bila nguvu, sumaku imedhoofu. Inawezekana kubadilisha ile ya alniko kwa vipande vidogo vya sumaku za neodimiamu vilivyopangwa na vibao vya chuma kujaza urefu ule ule. Mota huamka, ampea hushuka, na injini hutambaa kwa mwendo ambao hujawahi kuuona. Usizidishe lakini, sumaku kali kupita kiasi huifanya mota iruke hatua kwa hatua kwenye mwendo mdogo. Njia nyingine ni kuweka mota mpya ya mkebe, yaani iliyofungwa ndani ya mkebe wa chuma. Printa mbovu zina mota nzuri, ila nyingi ni za volti 24 na zitakwenda polepole mno kwa 12. Mota ya awali usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, uiandike, iwekwe ndani ya sanduku la injini. Atakayeinunua kwako atakushukuru.

Inateleza au inaacha reli

Injini ya shaba ni tupu ndani, na ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Kipande cha risasi ndani ya boila, juu ya magurudumu makubwa na si mbele yake, hurekebisha. Ikiacha reli, kwanza upime kona yako: injini yenye magurudumu mengi haitakubali kona yenye nusukipenyo cha sentimita 45 iliyotengenezewa treni za watoto, na zile kubwa huhitaji sentimita 75 au zaidi. Wengi hulaumu injini.

Madoa: hapa ndipo thamani hupotea

Kiwandani shaba ilipakwa vanishi nyembamba isiyo na rangi. Vanishi hiyo ndiyo iliyoiweka njano kwa miaka yote. Ikisuguliwa, shaba huwa tupu, na ndani ya miezi michache kando ya ziwa itakuwa na rangi ya chai. Mtu husugua tena, kona za ribiti zinalika, unga mweupe wa dawa ya kung'arishia unabaki nyuma ya kila bomba, na hakuna wa kuutoa. Kwa hiyo kila doa liulizwe kwanza limetoka wapi.

Kahawia au nyeusi iliyotulia, sawasawa, ni uzee wa kawaida. Iache. Wakusanyaji wengi huipenda, nami ni mmoja wao.

Alama nyeusi yenye umbo la mstari kukatisha boila imetoka kwa mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, na salfa huchoma shaba. Huwezi kuiondoa bila kutoa vanishi. Unachoweza ni kuhakikisha hakuna mpira mwingine unaofungwa.

Alama za vidole zilizokwama ni chumvi ya jasho iliyopenya vanishi. Ndiyo maana injini isiyopakwa rangi hushikwa kwa glavu za pamba, au kwa kuishika chini kwenye magurudumu.

Kijani ni kutu hai. Anza kuishughulikia leo. Mara nyingi huota karibu na viungo vya lehemu, pale ambapo asidi ya kulehemia haikuoshwa vizuri. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, si kwa jua kali. Toa mota kwanza.

Waridi, yaani madoa mekundu kama shaba nyekundu, ni ishara mbaya zaidi. Zinki imetoka kwenye mchanganyiko na shaba nyekundu imebaki. Asidi na chumvi hufanya hivyo, na limau lenye chumvi, ambalo nyumbani tunaling'arishia sinia, hufanya hivyo hasa. Ukwaju vilevile ni asidi. Sinia ni nene na litavumilia. Bomba la milimita moja halitavumilia.

Unga mweupe na uvimbe kwenye vipande vizito vya kijivu, kama sanduku la gia au fremu ya magurudumu, ni zinki ya kumiminwa inayooza kwa sababu ya uchafu uliokuwamo tangu siku ya kumiminwa. Haina tiba. Pima kipande, piga picha, kitolewe kabla hakijavimba na kuvunja vilivyo karibu, utafute cha kubadilisha.

Mapovu meusi yanayonata ni sponji ya sanduku. Sponji ya zamani ya poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu, na hewa ya Kisumu inaipa unyevu wa kutosha. Huganda kwenye vanishi na kuila. Mara tu injini inapofika, itoe kwenye sponji hiyo, ivike karatasi laini isiyo na asidi au plastiki nyembamba ya poliethilini, na utengeneze kitanda kipya cha sponji ya poliethilini, ile nyeupe ngumu kidogo inayokuja na televisheni. Sanduku la awali na karatasi yake vitunze. Ni sehemu ya bei. Vifuko vya silika vya kwenye masanduku ya viatu vinasaidia, ukikumbuka kuvikausha tena mara kwa mara.

Sasa jambo ambalo wafugaji wa Magharibi na Bonde la Ufa hawana budi kulisikia. Shaba ya njano iliyopindwa na kukandamizwa hubeba mkazo ndani yake, na amonia huupasua mkazo huo. Jeshi la Uingereza nchini India lilipata risasi zenye maganda yaliyopasuka msimu wa mvua yakiwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Watafiti walithibitisha mwaka 1921 kwamba kisababishi ni amonia. Kwa hiyo chumba cha injini kisipakane na banda la kuku wala zizi. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia nazo zisitumike kwenye kabati la maonyesho. Ufa wa namna hii hauna dalili ya awali. Unaukuta boila limepasuka kwa urefu.

Vipande vilivyoachia

Ngazi au bomba likining'inia, liondoe na ulitie kwenye mfuko kabla halijapotea. Pasi ya kulehemu ya fundi wa redio ikishikwa muda mrefu huyeyusha viungo jirani, na utajikuta unajenga injini upya. Kulehemu vizuri hapa ni pasi yenye moto wa kutosha, mguso mfupi, na vitambaa vilivyolowa maji vimefunikwa kwenye viungo vya karibu ili vinyonye joto. Kama hujawahi, fanya mazoezi kwenye vipande vya shaba chakavu. Gundi ya haraka ikitumika huacha ukungu mweupe kwenye vanishi.

Dalili hizi zigeuze ziwe maswali kwa muuzaji

Mwombe picha ya chini ya injini, magurudumu yakionekana. Mwombe video ikitembea mbele na nyuma kwa mwendo mdogo kabisa. Injini inayokimbia tu kwenye video inaficha kuchechemea. Uliza kama mota ni ya awali na, kama ilibadilishwa, iko wapi. Uliza sponji ya sanduku ikoje. Injini inayong'aa kama kikombe cha tuzo naihofia kuliko iliyofifia, na neno "imesafishwa" kwenye tangazo ni la kuuliza zaidi: kwa nini, na kwa dawa gani?

Iliyopakwa rangi na fundi hodari ni ununuzi mzuri kwa mtu anayetaka kuiendesha, kwani rangi hulinda shaba na kasoro za vanishi hazimhusu tena. Iliyopakwa vibaya, ribiti zikiwa zimezama kwenye rangi nene, iwe na bei ya kulipia kazi ya kuitoa.

Mwagize muuzaji atenganishe tenda na injini, kila kimoja kivikwe peke yake, sanduku la awali liwekwe ndani ya sanduku kubwa lenye nafasi ya vidole vinne kila upande, na kusiwe na mpira wowote. Kwenye karatasi ya forodha aandike wazi kwamba ni treni ya mfano ya kupunguzwa kipimo, kifungu cha 9503 cha orodha ya forodha, pamoja na bei halisi. Bei iliyopunguzwa kwa ujanja huchelewesha mzigo, na mzigo ukipotea bima italipa kile kilichoandikwa. Weka akiba ya ushuru wa forodha, VAT, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya maendeleo ya reli, ambayo injini yako ndogo nayo huilipa.

Kifurushi kikifunguliwa na maafisa, ni vyema uwepo. Nenda na glavu za pamba na kitambaa safi cha kuilaza, na umwombe afisa kwa heshima uitoe wewe mwenyewe. Wengi hukubali wakielezwa ni kitu gani. Piga picha kila hatua, hesabu vipande dhidi ya picha za muuzaji pale pale, na madai yoyote ya kuvunjika yaandikwe kabla hujatia sahihi ya kupokea.